Nafuu ya moyo si ruhusa ya kuacha dawa

  

Ndugu zangu Waislamu, tumezoea kuisikia juu ya mimbari ile hadithi mashuhuri aliyoipokea Nu'man bin Bashir (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, inayoeleza habari ya kipande cha nyama kilichomo mwilini, kwamba kikisalimika mwili mzima husalimika na kikiharibika mwili mzima huharibika, nacho ni moyo. Makhatibu wetu huielekeza hadithi hii kwenye riya, hasadi na kiburi, na wana haki, kwa sababu ndiko inakokusudia. Leo naomba nikizungumzie kipande hicho kama nyama hasa, ile inayosukuma damu usiku na mchana hali ya kuwa mwenyewe umelala. Sizungumzi kama daktari wala kama sheikh. Nazungumza kama mtu aliyetoa fatwa asiyokuwa na elimu nayo, na aliyelipa deni la fatwa hiyo akawa mtu mwingine.

Mama yangu mdogo anaishi kijijini upande wa Nkwenda, wilaya ya Kyerwa, ile iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Mwaka 2019 alianza kuvimba miguu. Akawa hawezi kulala chali, akilala anakabwa na pumzi, hivyo usiku anakaa ameegemea ukuta mpaka alfajiri. Kijijini wakasema katupiwa kitu. Akasomewa, akanywa kombe, akapakwa mafuta, na miguu ikazidi kujaa maji. Mwishowe vijana wakampakia kwenye gari, na safari ikaishia Mwanza, ambako alifanyiwa kipimo cha eko, yaani picha ya moyo ukiwa unapiga. Moyo ulikuwa umetanuka kama mfuko uliovutwa. Kwa kawaida kila pigo moja la moyo husukuma nje zaidi ya nusu ya damu iliyomo ndani ya chumba chake kikubwa cha kushoto. Wa mama ulikuwa unasukuma asilimia 25. Chanzo kilikuwa presha ya miaka mingi ambayo hakuna aliyewahi kuipima.

Akapewa dawa: ya kutoa maji, ya kushusha presha, ya kupunguza mbio za moyo. Akaambiwa apunguze chumvi na ahudhurie kliniki. Alhamdulillah, mwanamke yule ni mtiifu. Mwaka 2020 akarudiwa kipimo, kiwango kikasoma asilimia 50. Alikuwa anatembea, analima, anapanda kilima cha kwenda msikitini bila kusimama njiani.

Tukachinja mbuzi. Nikasafiri kutoka Dar es Salaam kwenda kwenye dua ya shukrani, na nilipopewa nafasi ya kuzungumza, kama mtoto wa mjini mwenye suti na simu mbili, nikasema mbele ya jamaa wote kwamba Allah amekwisha mponya mama yetu, sasa vidonge vya nini tena, aliyeponya ni Yeye, tuonyeshe shukrani kwa kumtegemea. Watu wakaitikia takbir. Sikuitoa kauli ile kwa ubaya, wallahi, nilikuwa na furaha. Lakini mama aliisikia, na mimi ndiye mtoto aliyesoma.

Aliacha. Kwa miezi saba hakuna kilichotokea, akabeba mikungu ya ndizi kama zamani, na wote tukaona tulikuwa sahihi. Mwezi wa nane akaanza kukohoa usiku. Wakasema vumbi, kisha wakasema malaria. Wakati mwaka 2021 wanamrudisha hospitali, alikuwa hawezi kumaliza sentensi moja bila kutweta. Ili kupata nauli na gharama, mdogo wake aliuza kahawa ikiwa bado mtini. Kule Kagera biashara hiyo inaitwa butura: mwenye fedha anakununulia kahawa ingali maua au mbichi, kwa bei anayotaka yeye. Serikali imeipiga marufuku, na sisi Waislamu tunajua kabla ya serikali, maana Mtume (s.a.w.) kwa mapokezi ya Ibn Umar (r.a.) amekataza kuuza matunda kabla ubora wake haujadhihiri, akamkataza muuzaji na mnunuzi vilevile. Ikawa fatwa yangu moja imewaingiza wawili katika jambo lisilofaa na imemtia wa tatu kitandani.

Daktari akamuuliza, "Mama, nani alikwambia uache dawa?" Nilikuwa nimesimama pembeni ya kitanda. Akajibu, "Ni akili zangu mwenyewe, waitu." Hakunitazama.

Eko ikasoma asilimia 22.

Hebu tulielewe jambo hili vizuri, kwa sababu wengi wetu tunaosoma gazeti hili Kariakoo, Magomeni au Mwanza mjini tuna mzazi mmoja mwenye ugonjwa huu, na huenda hatujui jina lake. Moyo kushindwa kufanya kazi maana yake si kwamba umesimama. Maana yake ni kwamba pampu imechoka. Utafiti uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014 uliwatazama wagonjwa 427 wa namna hii. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55, ilhali kule Ulaya wengi wa wagonjwa hawa ni wazee waliovuka miaka 70. Chanzo kikubwa kuliko vyote kilikuwa shinikizo la damu, asilimia 45. Yaani sisi tunachukuliwa watu wetu wangali na nguvu za kulima na kusomesha watoto.

Sasa pampu ikichoka, mwili kwa rehma za Allah hujitahidi kuiokoa. Hubana mishipa, huzuia chumvi na maji yasitoke, huchapa moyo kwa homoni ili upige haraka. Msaada huo ungefaa kama mtu amejeruhiwa na anavuja damu. Kwa moyo uliochoka ni kama kumpiga viboko punda aliyeangukia chini ya mzigo: atainuka hatua mbili, kisha atalala kabisa. Dawa za moyo, kama vile enalaprili, karvedilolo na spironolaktoni, kazi yake ni kuviondoa viboko hivyo. Punda anapumzika, misuli inarudi taratibu, chumba kilichotanuka kinasinyaa. Wapo wagonjwa ambao moyo hurudi katika kiwango cha kawaida kabisa. Ni neema kubwa.

Tatizo letu ni kwamba tukimuona punda amesimama tunadhani mzigo umeondoka. Haukuondoka, umeshikwa tu. Dawa ndiyo iliyoushika.

Jambo hili lilipimwa London, katika hospitali ya Royal Brompton, na matokeo yakatangazwa mwaka 2018. Waganga walichukua wagonjwa 51 ambao misuli ya moyo wao ilikuwa imetanuka ikarudi, hawana dalili yoyote, na kiwango kimefika asilimia 50 au zaidi. Kwa lugha yetu hawa wamepona. Wakagawanywa kwa kura makundi mawili: 25 wakapunguziwa dawa polepole mpaka zikaisha, tena chini ya uangalizi mkali, na 26 wakaendelea nazo. Ndani ya miezi 6, katika wale 25, 11 moyo ulikwisha anza kuharibika tena. Katika wale 26 walioendelea, hakuna hata mmoja. Kisha kundi la pili nalo likapunguziwa, na katika 25 waliopunguziwa, 9 wakarudi nyuma. Jumla ni 20 kati ya 50. Na hao ni wagonjwa wa London, waliochaguliwa kwa uangalifu na kufuatiliwa kwa vipimo kila baada ya muda mfupi. Mama yetu wa Nkwenda aliacha siku moja, vyote kwa pamoja, na kipimo chake kilikuwa jicho la jirani.

Naam, wapo ambao huenda wangebaki salama bila dawa. Lakini waganga wenyewe hawakuweza kujua mapema nani atabaki na nani ataanguka. Kama wao wenye mashine hawakuweza, wewe mwenzangu unayeongea baada ya swala ya Ijumaa unajuaje?

Hapa atasimama mtu aseme, "Lakini sheria inatufundisha tawakkul." Ndiyo. Na tuitazame tawakkul kwa yule aliyekuja nayo. Katika Sunan Abu Dawud imepokewa habari ya Sa'd (r.a.), kwamba aliugua, na Mtume (s.a.w.) akaja kumtazama, akaweka mkono wake mtukufu kifuani mwake, Sa'd akahisi ubaridi wa mkono ule mpaka moyoni. Mtume akamwambia kuwa yeye ni mgonjwa wa moyo, akamwelekeza aende kwa al-Harith bin Kalada wa ukoo wa Thaqif, kwa kuwa ni mtu anayetibu, na akataja tende saba za Ajwa za Madina. Wapo wanachuoni waliozungumzia isnadi yake, lakini hukumu ya kutafuta tiba imethibiti kwa hadithi nyingine nyingi, ikiwemo ile ya Usama bin Sharik (r.a.) ya mabedui waliouliza kama watafute dawa wakaamrishwa watafute.

Tafakari, ndugu msomaji. Mkono wa Mtume umekaa juu ya kifua. Dua yake haina pazia. Na bado mgonjwa anaelekezwa kwa tabibu! Na wanachuoni wamehitilafiana hata kama huyo al-Harith alikuwa amesilimu. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu kule kwetu Karagwe hospitali kongwe ni ile ya Nyakahanga, ya Kanisa la Kilutheri, na nimewahi kumsikia mzee wa msikiti akisita kumpeleka mkewe huko. Mzee wangu, mpeleke. Presha haisomi msalaba ukutani.

Wala tusijifiche nyuma ya qadar. Umar bin al-Khattab (r.a.) alipogeuza msafara kuelekea Madina baada ya kusikia tauni imeingia Sham, Abu Ubayda alimhoji kama anaikimbia qadar ya Allah, naye akajibu kuwa anatoka kwenye qadar ya Allah kwenda kwenye qadar ya Allah. Kidonge nacho kimo ndani ya qadar hiyo hiyo. Habasoda, asali na kisomo ni mambo ya kheri, sina neno navyo, na mama yangu anasomewa mpaka leo. Asomewe na dawa iwe mkononi. Ila kama anakunywa mizizi au dawa yoyote ya asili, amwambie daktari waziwazi bila kuficha, maana zipo zinazogombana na dawa za moyo na kuumiza figo.

Kuna kundi jingine ambalo laiti maimamu wetu wangelisemea kila mwezi, nalo ni kina mama ambao moyo wao huchoka mwishoni mwa ujauzito au katika miezi ya mwanzo baada ya kujifungua. Miguu inavimba na pumzi zinakata, watu wanasema ni uzazi tu. Wengi wao wakitibiwa mapema hupata nafuu nzuri, pengine ndani ya miezi 6, moyo ukarudi. Kisha mume anataka mtoto mwingine, na mama mkwe anauliza mbona kimya. Mimba nyingine inaweza kuurudisha ugonjwa hata kwa yule ambaye moyo wake ulirudi sawasawa, na kwa yule ambaye haukurudi sawasawa hatari ni kubwa mno, inaweza kuwa kaburi. Isitoshe, baadhi ya dawa hizi humdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo hata mwenye ruhusa ya daktari hashiki mimba mpaka zibadilishwe kwanza. Maswahaba walifanya azl zama za Mtume (s.a.w.) wala hawakukatazwa, kama alivyosimulia Jabir (r.a.). Iweje leo mwanamume wa Kayanga au wa Buguruni aone ni aibu kwenda na mkewe kliniki kuuliza?

Kuhusu Ramadhani nitasema kwa ufupi. Ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Qur'an yenyewe, Suratul Baqara, katika aya zilezile zinazofaradhisha funga. Wapo wagonjwa wa moyo waliotulia ambao daktari huwapangia dawa saa ya futari na saa ya daku wakafunga salama. Wapo ambao hawapaswi kufunga, na kama ugonjwa wao si wa kutarajiwa kuondoka wanalisha masikini. Anayekata dawa kimyakimya kwa mwezi mzima ili asionekane anakula mchana amejitafutia jambo ambalo hakuamrishwa. Kliniki aiendee Shaaban, asingoje mwezi uandame.

Nirudi kwetu sisi wa mjini, maana hapa ndipo panaponiuma. Sisi watu wa Kagera tunajulikana kwa misiba. Akifariki mtu, ndani ya usiku mmoja daftari limejaa, basi limekodiwa, ng'ombe amenunuliwa. Huyo huyo tuliyemchangia maiti yake, alipokuwa hai alikatisha dawa kwa kukosa fedha ya mwezi mmoja, na hakuna daftari lililofunguliwa. Kule kijijini fedha huja na kahawa. Msimu ukiisha, vidonge vinaisha. Mgonjwa anagawa vilivyobaki, anameza siku moja anaruka mbili, na hasemi, kwa sababu mzazi hapendi kumsumbua mtoto. Kutoka Nkwenda au Kaisho mpaka Bukoba ni safari ya kutwa kwa mgonjwa, na kutoka Bukoba kwenda Bugando ya Mwanza ni safari nyingine. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015, ipo Dar es Salaam, mwisho wa nchi. Hivyo kila kidonge kilichokosekana kijijini kinaweza kugeuka kuwa safari hizo, au jeneza. Kama una chama cha watu wa nyumbani, kiwe na fungu la dawa za walio hai kabla ya sanda. Na umkatie mzazi bima ya afya akiwa mzima, kwa kuwa ugonjwa huu ni wa kila mwezi.

Na tunapopiga simu tuulize vizuri. "Hujambo mama?" "Sijambo mwanangu." Simu imekwisha. Hivi lini umemsikia mzazi wa Kinyambo akikwambia yeye hajambo kidogo tu? Mimi nilijifunza kwa muuguzi mmoja kuuliza maswali mengine: jana ulilala kwa mito mingapi? Viatu vinaingia? Vidonge vimebaki vingapi, hebu vihesabu nikisikia. Na uzito. Mtu wa moyo akiongezeka kilo 2 au zaidi ndani ya siku 3, hajanenepa, ni maji yanarudi, na huonekana kwenye mizani kabla miguu haijavimba. Ndiyo siku ya kwenda zahanati, asingoje kutweta.

Watu wa Karagwe na Kyerwa hawahitaji kufundishwa mizani. Kila mkulima ameshuhudia gunia lake la kahawa likipimwa, na amegombana na karani juu ya nusu kilo. Nikamnunulia mama mizani ndogo ya kusimamia. Mwanzo aliona ni mzaha, akasema yeye si gunia.

Moyo wake haukurudi pale ulipokuwa. Baada ya mwaka mzima wa dawa ulifika asilimia 35, na hapo umesimama. Kilima cha msikiti haupandi tena, anaswali nyumbani, na shamba analima mdogo wake. Nilimwomba radhi, nikiwa nimepiga magoti jikoni kwake, akaniambia nisimkumbushe mambo ya zamani, niondoe sufuria motoni. Daktari mpaka leo hajui ni nani aliyesema yale maneno kwenye dua. Nimeyaandika hapa kwa sababu mwaka huu, katika shukrani ya mtu mwingine huko Ilala, nimemsikia kijana mwenye suti akisimama na kusema vilevile, na watu wakaitikia takbir. Nilinyanyuka nikamfuata mgonjwa mwenyewe kabla hajatoka mlangoni.

Kila siku baada ya swala ya Isha nampigia mama. Siku hizi hangoji nimuulize kama hajambo. Akipokea tu anataja namba: "Hamsini na sita na nusu, mwanangu. Na vya asubuhi nimemeza."